Maktaba ya Programu kama Mhariri: Uhakiki wa rgbif katika Usomaji wa Kumbukumbu za Bayoanuwai za Milima ya Uluguru

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia tenzi, riwaya, tamthilia na, kwa kiasi kidogo zaidi, hati za kale. Programu ya kompyuta haijahesabiwa kuwa matini inayostahili jicho la mhakiki. Sura hii inaichukulia rgbif, maktaba ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya R, kuwa matini ya namna hiyo, kwa kuwa maktaba hii husoma maandishi ya watu wengine, huyachuja, huyapanga upya, kisha huyakabidhi kwa mtafiti yakiwa katika umbo jipya. Hiyo ni kazi ya mhariri. Hoja inayotetewa ni kwamba rgbif ni mhariri mwaminifu katika mambo mengi, lakini njia fupi inayofundishwa katika mwongozo wake, ikifuatwa kwa data za Uluguru, huondoa kimyakimya ushahidi ambao mtafiti wa milima hii anauhitaji kuliko mwingine, yaani ushahidi wa mahali viumbe walipokuwapo kabla ya msitu kurudi nyuma.

Kipimo kinachotumika ni kile cha uhakiki matini. Msomi anayenukuu hati ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu kwenda katika hati za Kilatini hukutana na irabu ambazo maandishi ya jadi hayakuzitenganisha: "e" na "i" huandikwa kwa alama ile ile, na "o" na "u" vivyo hivyo. Analazimika kuamua. Hakuna anayemlaumu kwa kuamua, kwani bila uamuzi hakuna chapisho. Analaumiwa anapoamua bila kuonyesha kwamba ameamua, hata msomaji akadhani irabu ile ilikuwamo katika hati tangu mwanzo. Kwa kipimo hicho, maswali ya kumuuliza mhariri yeyote, awe mtu au programu, ni haya: ameacha nini, ameongeza nini, na je, ametuachia njia ya kurudi kwenye hati?

Maktaba na milima

GBIF, mtandao wa kimataifa wa taarifa za bayoanuwai, ulianzishwa mwaka 2001 na sekretarieti yake iko Copenhagen, Denmark. Makumbusho, vyuo vikuu na watazamaji wa kawaida huweka humo kumbukumbu za viumbe: kiumbe gani, kilipatikana wapi, lini, na nani. Kwa Tanzania kitovu cha mtandao huu ni TanBIF, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kanzidata hiyo husomeka kwa kivinjari, lakini mtafiti anayetaka maelfu ya safumlalo huhitaji chombo cha kuziomba, kuzipokea na kuzipanga katika jedwali. Hapo ndipo rgbif inapoingia. Ilizaliwa ndani ya jumuiya ya rOpenSci, Scott Chamberlain akiwa miongoni mwa waandishi wake wa mwanzo, na sasa hutunzwa na John Waller wa sekretarieti ya GBIF. Funksheni zake kuu ni chache: name_backbone hulinganisha jina la kisayansi na orodha kuu ya majina, occ_search na occ_data hutafuta papo hapo, occ_download huagiza faili kamili, occ_download_import huifungua faili hiyo ndani ya R.

Milima ya Uluguru ni mahali pagumu kwa mhariri wa aina hii. Inaanza nyuma ya mji wa Morogoro, ulio kwenye kimo cha takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kupanda kwa ghafla hadi Bondwa, ambacho kimo chake kinapita mita 2,000, kisha kuelekea kusini hadi uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu, zaidi ya mita 2,600. Anayesimama katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huona kwa mtazamo mmoja nyika kavu, mashamba ya mteremkoni na msitu wa mawingu. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na ndiko yanakotoka maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Wamo humo viumbe wasiopatikana kwingine kokote duniani, miongoni mwao ndege Malaconotus alius, aliyepewa jina hilo na Herbert Friedmann mwaka 1927, na chozi aitwaye Cinnyris loveridgei.

Jina la chozi huyo linamkumbuka Arthur Loveridge, mkusanyaji aliyefanya kazi Tanganyika kabla ya kuhamia Makumbusho ya Zoolojia Linganishi ya Chuo Kikuu cha Harvard. Safari yake ya mwaka 1926 ilizaa, pamoja na mengine, utafiti alioutoa na Thomas Barbour mwaka 1928 wa kulinganisha reptilia na amfibia wa Uluguru na Usambara. Kabla yake Franz Stuhlmann alikuwa amekusanya katika milima hiyo hiyo mwaka 1894, enzi za Wajerumani. Sampuli za watu hawa ziko Marekani na Ulaya, na lebo zake huandika mahali kwa majina: Bagilo, Nyange, Nyingwa, Vituri. Haya ni majina ya vijiji na miteremko ya Waluguru, na wakati mwingine jina lenyewe ni maelezo ya ardhi. Matombo, kwa mfano, kwa Kiluguru ni matiti, na anayezijua zile pacha za vilima haulizi kwa nini. Pembeni ya jina, lebo huweza kuwa na kimo. Latitudo na longitudo hazimo, kwani mkusanyaji wa wakati huo hakuwa na kifaa cha kumpa namba hizo akiwa kwenye mteremko.

Kichujio kiitwacho cha kawaida

Katika rgbif imo funksheni ndogo iitwayo pred_default. Mtafiti akiiweka ndani ya agizo lake, faili anayopokea huwa imechujwa kwa masharti manne: kumbukumbu zisiwe na kasoro ya kijiografia iliyobainishwa na GBIF, ziwe na latitudo na longitudo, zihusu kiumbe kilichokuwapo, si kilichotafutwa kikakosekana, na zisiwe za visukuku wala viumbe vinavyofugwa katika bustani. Kila sharti lina mantiki. Mtafiti anayetaka kuchora ramani ya usambazaji wa spishi katika bara zima atashukuru kuokolewa na simba wa bustani ya wanyama.

Tatizo liko katika sharti la pili, na zaidi katika jina la funksheni. Neno "default", ambalo wanakompyuta wa Kiswahili hulitafsiri kama chaguo-msingi, humwambia msomaji kwamba hapa hakuna uamuzi uliofanyika. Kwamba hivi ndivyo mambo yalivyo mtu asipoingilia. Kumbe sharti la latitudo na longitudo ni uamuzi mzito. Sampuli yenye jina Bagilo na kimo cha futi 6,000, ikiwa makumbusho inayoitunza haijaiwekea namba hizo, haitakuwamo katika faili. Haitakuwamo kwa alama ya swali wala kwa seli tupu. Safumlalo nzima itakuwa haipo, na jedwali litaonekana limekamilika.

Ni haki kusema kwamba rgbif haimlazimishi mtu kutumia kichujio hiki. Lazima mtumiaji akiandike mwenyewe. Lakini mwongozo wa maktaba hufundisha kwa mifano, na mifano yake ya kuagiza data huanza na masharti hayo hayo. Mwanafunzi wa uzamili anayefanya kazi usiku kwa mtandao wa kusuasua hunakili mfano, hubadilisha jina la spishi, na kuendelea. Mfano wa mwongozo una nguvu kuliko kanuni yake, kama kila mwalimu wa sarufi ajuavyo.

Athari yake kwa Uluguru inaelekea upande mmoja. Kumbukumbu za karibuni zimechukuliwa kwa vifaa vya setilaiti au kwa simu, kwa hiyo karibu kila moja ina namba. Nyingi hutoka mahali watafiti na wageni wanapokwenda sasa, yaani ndani ya msitu uliosalia, ambao tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iliyounganisha misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na eneo la Bunduki lililo katikati. Kumbukumbu za zamani zilichukuliwa pia katika miteremko ya chini, penye mashamba ya ndizi, mahindi na mboga leo. Kichujio kinachopendelea namba kinapendelea karne hii, na kwa kupendelea karne hii kinapendelea hifadhi. Ramani inayotokana nacho huelekea kuonyesha spishi ikiishi ndani ya mipaka ya hifadhi kana kwamba haikuwahi kuishi nje yake. Anayeitumia kupima kama hifadhi inatosha atapata jibu zuri lisilostahili, kwa sababu sehemu iliyopotea imeondolewa katika kipimo kabla hajaanza kupima.

Wapo watakaojibu kwamba ziko zana za kusafisha makosa kama haya. Maktaba ya CoordinateCleaner, iliyochapishwa na Alexander Zizka na wenzake mwaka 2019, hubaini nukta zilizowekwa katikati ya nchi, kwenye majengo ya makumbusho au baharini. Ni kazi nzuri. Hata hivyo, zana hiyo hukagua nukta zilizopo. Kumbukumbu isiyo na nukta imeshatolewa nje kabla fundi wa usafi hajafika mlangoni.

Ipo pia hali ya pili, ambayo ni ngumu kuiona kuliko ya kwanza. Makumbusho nyingi zimezipa sampuli zao za zamani latitudo na longitudo baadaye, kwa kutazama jina la mahali katika ramani au orodha ya majina. Kumbukumbu hizo zitapita katika kichujio. Lakini namba aliyoipata mtu ofisini miaka themanini baada ya safari itakaa katika safuwima ile ile na namba iliyosomwa leo na simu chini ya mti. Kwenye tambarare tofauti yake ingekuwa ndogo. Kwenye Uluguru, desimali mbili za nyuzi ni takribani kilomita 1.1, na kilomita moja ya ulalo mlimani huweza kuwa mamia ya mita za wima: tofauti kati ya shamba la mboga na msitu wenye ukungu. Kwa chura ambaye maisha yake yote yanategemea unyevu wa kimo fulani, futi 6,000 zilizoandikwa kwa penseli ni ushahidi bora kuliko nukta yenye desimali sita iliyobuniwa ofisini.

Umbo fupi na kile kinachobaki nje

GBIF hutoa faili kwa maumbo kadhaa. Katika rgbif, occ_download asiyeambiwa lolote huagiza umbo pana, DWCA, na hapa maktaba inastahili sifa. Umbo hilo hufuata Darwin Core, kiwango kilichoridhiwa mwaka 2009, na huja na mafaili mawili yanayostahili kusomwa kwa pamoja: occurrence.txt, ambamo GBIF imetafsiri na kusawazisha, na verbatim.txt, ambamo maneno ya mchapishaji yamebaki kama alivyoyatuma. Mhakiki matini atalitambua umbo hili mara moja. Ni chapisho lenye matini iliyohaririwa upande mmoja na nakala ya hati upande wa pili.

Mifano ya mwongozo, hata hivyo, huelekeza kwenye SIMPLE_CSV. Sababu inaeleweka: faili ni nyepesi na safuwima zake ni hamsini hivi badala ya mamia. Katika umbo hilo jina la mahali limesalia, na kimo pia kimesalia baada ya kugeuzwa kuwa mita. Zilizoachwa ni verbatimLocality, yaani mahali kama palivyoandikwa na mkusanyaji. VerbatimElevation, kimo kama kilivyoandikwa. Habitat, maelezo ya makazi. OccurrenceRemarks, maelezo ya ziada. VernacularName, jina la kienyeji. Na safuwima zote zinazosema nani aliyeipa kumbukumbu nukta yake na kwa njia gani. Maneno yote ya mkusanyaji mwenyewe kuhusu mahali alipokuwa yameanguka pamoja. Jina la Kiluguru la ndege au la mti, kama mkusanyaji aliliuliza na makumbusho ililinakili, limeanguka nayo. Kwa mwanaisimu au mwanahistoria ambaye angeweza kuisoma kanzidata hii kama hazina ya majina, SIMPLE_CSV ni kitabu kilichong'olewa fahirisi na tanbihi.

Hata anayechagua umbo pana hajafika. Funksheni ya occ_download_import ikifungua kifurushi cha DWCA husoma occurrence.txt peke yake. Faili ya verbatim.txt hubaki ndani ya kifurushi, na mtafiti asiyejua kwamba ipo hatakwenda kuitafuta. Njia ya kurudi kwenye hati imeachwa, lakini hakuna kibao kinachoielekeza.

Kuhusu kikomo cha idadi, suala si kubwa ila linafaa kutajwa. Occ_search na occ_data hurudisha kumbukumbu 500 mtumiaji asipotaja idadi nyingine. Jedwali linapochapishwa mara ya kwanza, juu yake huonekana jumla ya kumbukumbu zilizopatikana na idadi ya zilizorudishwa, na huo ni uungwana. Mtumiaji akichukua jedwali peke yake kwa ajili ya hatua inayofuata, maelezo hayo ya juu hubaki nyuma, na namba 500 huanza kuonekana kama ukweli wa maumbile. Mtahini anayekutana na tasnifu yenye kumbukumbu 500 kamili ana haki ya kuuliza swali.

Mjusi wa Kimboza

Uhakiki huu usingekuwa wa haki kama ungeishia kuyasifu majina na kuzilaumu nukta. Chini ya Uluguru, upande wa mashariki, upo msitu mdogo wa Kimboza unaoota juu ya mawe ya chokaa. Humo huishi mjusi Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa na Loveridge mwaka 1952, ambaye dume lake lina rangi ya buluu isiyosahaulika. Rangi hiyo imemponza. Aliwindwa kwa wingi kwa ajili ya biashara ya wanyama wa nyumbani ng'ambo, na tangu mwaka 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, unaopiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama wa porini walio katika orodha hiyo. Kwa mnyama kama huyu nukta sahihi ni ramani ya mwizi.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wachapishaji huficha mahali. Jukwaa la iNaturalist, ambalo kumbukumbu zake zilizothibitishwa huingia GBIF, huiweka nukta ya spishi iliyo hatarini popote ndani ya kisanduku chenye upande wa nyuzi 0.2, yaani takribani kilomita 22. Ni uamuzi wa kihariri ulio sahihi, na unatangazwa: safuwima iitwayo informationWithheld hueleza kwamba mahali pamefichwa. Safuwima hiyo haimo katika SIMPLE_CSV. Aliyepakua umbo fupi atakuwa na nukta ya mjusi wa chokaa iliyoangukia shambani, mtoni au juu mlimani, na dalili pekee aliyobakiwa nayo ni namba kubwa ya mita katika safuwima ya shaka ya mahali. Pred_default haiichunguzi namba hiyo. Kwa hiyo kichujio kile kile kinachokataa sampuli ya Bagilo yenye jina la kweli na kimo cha kweli hukubali nukta iliyowekwa kwa makusudi mahali pasipo pake, kwa sababu moja tu kwamba ina latitudo na longitudo.

Mfano huu unaonyesha pia kwamba ukosefu wa nukta haupaswi kusomwa daima kama upungufu. Jina la kijiji humwambia anayeijua nchi mahali pa kuanzia, na humwacha asiyeijua akiwa mbali. Mkusanyaji wa mwaka 1926 hakukusudia ulinzi huo, lakini lebo yake inautoa.

Madai kwa mtahiniwa na kwa maktaba

Kwa upande wa maktaba, madai ni madogo. Jina pred_default libadilishwe liseme linachofanya, mathalani kwamba ni kichujio cha ramani. Mwongozo uongeze mfano mmoja wa eneo ambalo kumbukumbu zake za zamani hazina nukta. Na occ_download_import imwambie mtumiaji, kwa mstari mmoja tu, kwamba verbatim.txt imo kifurushini na haijasomwa. Msimbo wa rgbif uko wazi, na marekebisho ya namna hii hupokelewa kutoka kwa yeyote anayeyaandika vizuri. Hakuna sababu yasitoke Morogoro.

Kwa tasnifu zinazotumia data za Uluguru, madai ni makubwa zaidi. Agizo lifanywe mara mbili: moja la kumbukumbu zenye nukta, na la pili la Tanzania nzima kwa kumbukumbu zisizo na nukta, kisha hizi zichujwe kwa jina la mahali. Kuchuja kwa mipaka ya mkoa wa Morogoro hakutoshi, kwani GBIF hupanga kumbukumbu katika mikoa ya ramani ya GADM kwa kutumia nukta yenyewe, na isiyo na nukta haina mkoa. Neno "Uluguru" peke yake nalo halitoshi. Lebo nyingine ina jina la kijiji tu, na tahajia hufuata sikio la Mjerumani au la Mwingereza aliyeliandika. Kazi hiyo inamhitaji mtu anayeijua milima, pengine mzee wa Nyingwa au wa Kinole kuliko mtaalamu wa kompyuta. Idadi ya kumbukumbu zilizoachwa itajwe katika sura ya mbinu, pamoja na sababu ya kuachwa kwa kila kundi. Namba ya DOI ambayo GBIF hulipa kila agizo la occ_download itajwe pia, ili mtahini aweze kulifungua agizo lile lile na kuona masharti yaliyowekwa. Hapa rgbif imewazidi wahariri wengi wa hati za kale, ambao hawakumwachia msomaji njia ya kuona walichokuwa nacho mezani siku walipoanza kunukuu.